Kulabu ya Ogeto

Kosa litakalofichuliwa hapa lina jina la kawaida: kujitwalia sifa ya kazi ya mkono wa mtu mwingine. Mahakamani sijasikia mtu aliyeshtakiwa kwalo, na kanisani sijaona mtu aliyetengwa na ushirika kwa ajili yake. Anayelitenda hulala usingizi mnono, hualikwa kukaa viti vya mbele, na aghlabu huzikwa kwa hotuba ndefu. Mimi nililifahamu mapema kwa sababu lilitendeka sebuleni mwetu, na kwa sababu nililisaidia kupita mlangoni. Sijiondoi.

Mwezi uliopita nililetewa picha kwenye simu. Aliyeituma, mama mmoja wa Nyanchwa anayeitwa Linet, sikuwa nimewahi kuonana naye. Picha ilionyesha sanduku la kioo, na ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, kulabu nne za krosheti: tatu za chuma, nyembamba mno, na moja ya mfupa uliogeuka rangi ya samli. Pembeni ilitandazwa lesi ya kufumwa kwa mkono, kubwa ya kutosha kufunika meza ya watu sita. Kadi iliyowekwa chini ilisema: "Vifaa vya kale vya krosheti na lesi ya mkono. Mchoro wa njiwa. Kazi ya Mwalimu Rispa, Kebirigo."

Ujumbe uliofuata ulikuwa wa heshima. "Dada, nimeambiwa wewe ni binti ya Mwalimu Rispa. Tunaandaa maonyesho ya vitu alivyokusanya marehemu mama yangu. Watakuja wapenzi wa lesi za kale kutoka mbali. Tungependa ufike upokee heshima kwa niaba ya mama yako."

Niliikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka kulabu ya mfupa ikajaza kioo cha simu. Karibu na mwisho wa mpini niliona nilichokuwa nikikitafuta na kukiogopa: vidimbwi viwili vidogo vilivyokaa sambamba, na cha tatu upande wa chini, hafifu. Niliiweka simu mezani, nikatoka nje nikashika nguzo ya baraza.

Ninyi mliozaliwa miaka ile niliyozaliwa mimi, mkalelewa katika nyumba ambazo kila kochi lilivalishwa kitambaa cheupe, mnaikumbuka harufu ya Ijumaa. Kwetu ilikuwa harufu ya wanga. Mama alikoroga unga wa ngano katika maji ya moto mpaka ukawa uji mwepesi, akavichovya vitambaa kimoja kimoja, akavikamua, nami nikavitandaza juu ya vichaka vya majani chai nyuma ya nyumba. Vilipokaribia kukauka vilipigwa pasi ya makaa. Pasi ilipogusa wanga mbichi ilitoa mvuke wenye harufu ya mkate, na mimi, kwa njaa ya mtoto, nilimeza mate. Kabla jua halijazama ilipasa kila kitambaa kiwe mahali pake, kigumu na safi, kwa kuwa sisi ni washika Sabato, na Sabato haikuingia katika nyumba isiyo tayari.

Mama alikuwa mwalimu wa sayansi kimu na karani wa kanisa letu. Hati yake ya mviringo ilijaza madaftari ya shule na ya kanisa. Alifundisha wasichana kupika, kufua na kushona vifungo. Krosheti hakuijua. Vidole vyake vilikaza uzi kupita kiasi, na kila alichokianza kilijikunja kama jani lililonyauka. Vitambaa vyetu vyote vilifumwa na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mjane aliyeitwa Ng'ina Ogeto.

Kwa desturi yetu Wagusii mwanamke akishajifungua huitwa kwa jina la mtoto wake: Ng'ina fulani, yaani mama wa fulani. Ni jina la heshima, na wengi hulifurahia. Lakini Ogeto alikufa kabla hajajifunza kutembea, miaka kadhaa kabla sijazaliwa, na hakufuatiwa na mwingine. Mama yake akaendelea kuitwa kwa jina la maiti, asubuhi na jioni, njiani na sokoni, na hakuna aliyejiuliza kama masikio yake yaliumia. Hata mimi sikujiuliza. Niliona ni jina kama majina mengine.

Asubuhi alichuma majani chai katika mashamba ya watu. Alasiri alikaa kizingitini pake, miguu imenyooshwa, mkebe wa bati ukiwa ubavuni, akifuma. Alipokuwa msichana alimfulia nguo muuguzi mmoja wa kigeni, na mkebe ule wenye kulabu nne aliachiwa siku muuguzi yule aliporejea kwao. Hata wakati huo kulabu zilikuwa kuukuu; muuguzi mwenyewe alizirithi kwa bibi yake. Mitindo ya kigeni aliyofundishwa, Ng'ina Ogeto aliiacha upesi. Kingo za lesi zake zilikuwa na kile alichokishika kila asubuhi: majani mawili na chipukizi katikati, majani mawili na chipukizi, kama mchumaji anavyoyavunja kichakani, yakizunguka kitambaa chote.

Kulabu ya mfupa ndiyo niliyoiogopa. Rafiki yangu wa darasani, Kemunto, alinipa maelezo yake tukiwa tunateka maji.

"Unajua ile nyeupe ni nini?"

"Ni mfupa."

"Mfupa wa nani?"

"Wa ng'ombe."

"Ng'ombe gani ana mfupa mwembamba hivyo? Ni ubavu wa Ogeto, mjinga wewe. Ndiyo maana lesi zake hazikatiki. Nawe kila siku unazikalia!"

Nilimcheka kwa sauti ili asione kwamba nimeamini. Tangu siku hiyo nilikaa ukingoni mwa kochi.

Wageni walipovisifu vitambaa vyetu, mama hakusema uongo mara moja. Uongo wa watu wenye heshima huanza kama uvivu wa kumaliza sentensi. Aliulizwa, "Mwalimu, hivi umevitoa wapi?" akajibu, "Havijatoka mbali." Mwaka uliofuata akajibu, "Ni vya nyumbani tu." Baadaye akawa anatabasamu bila kujibu lolote, na mgeni akajijazia mwenyewe. Nililiona tabasamu lile likikua kama nilivyouona mgomba wetu ukikua, bila kujua siku gani ulinipita kimo.

Ndipo alipokuja Bi. Damari, mama yake Linet. Alikuwa kiongozi wa akina mama kutoka Nyanchwa, mke wa mtu wa ofisi, mwenye kofia na gari. Alikuja Ijumaa alasiri ili alale kwetu na kuhudhuria ibada kesho yake. Baba alikuwa mbali kikazi; nyumbani tulikuwa mama na mimi. Mgeni aliingia sebuleni, akalitazama kochi, akakataa kuketi.

"Mimi siwezi kukalia kitu kama hiki, Mwalimu. Ni kama kukalia shela ya bibi harusi." Akaipapasa lesi kubwa iliyofunika meza, akakiinua kitambaa cha kochi, akakigeuza upande wa nyuma, akaitafuta ncha ya uzi asiipate. Alituambia kwamba yeye hukusanya lesi za mkono na vifaa vya kale vya kufumia, na kwamba ana kabati zima la vitu hivyo. "Nani amefuma hiki? Niambie kweli."

Sentensi fupi ilihitajika: jina la mtu na kidole kinachoonyesha ng'ambo ya kijito. Mama alivuta pumzi.

"Ni kazi ya mkono wangu."

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na sinia la chai. Aliniona. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya stuli.

"Na huu mchoro wa ukingoni?"

"Njiwa," alisema mama, na kwa kuwa jibu lilipendeza, akaliongeza. "Njiwa anayeshuka. Niliupata nikiwa katika maombi."

"Na umetumia kulabu gani? Hizi za dukani haziwezi kufuma uzi mwembamba hivi."

Mama alinifuata jikoni. Alininong'oneza kwa sauti iliyokuwa kavu kabisa. "Kimbia kwa Ng'ina Ogeto. Mwambie Mwalimu anaomba mkebe wake, kuna mgeni wa kuonyeshwa. Atarudishiwa. Pita nyuma."

Nilimkuta kizingitini. Hakuuliza mgeni ni nani wala ataonyeshwa kwa sababu gani. Alikunja kazi yake, akazipanga kulabu ndani ya mkebe, akafunika. Kisha akaushikilia kidogo kabla ya kuniachia.

"Moraa, sikiliza. Mwambie Mwalimu amwonyeshe zote, lakini ile ya mfupa isitoke mkononi mwake. Hiyo ni ya Ogeto."

Maneno manne ya mwisho yalithibitisha kila kitu alichonieleza Kemunto. Nilivuka kijito nikiwa nimeubeba mkebe mbali na mwili, mkono umenyooka, na kila hatua niliusikia ubavu wa mtoto ukigongana na chuma. Nilipofika nilimtupia mama mkebe kama mtu anayetupa kaa la moto. Ujumbe sikuufikisha. Niliogopa kulitaja neno "mfupa" mbele ya mgeni. Niliogopa Ogeto akinisikia atanijibu. Ndiyo sababu yote. Nimeipima kwa miaka mingi na haijapata uzito zaidi ya huo, wala haijapungua.

Bi. Damari alizishika kulabu zile kama mtu aliyeshika kifaranga. Aliikazia macho ile ya mfupa, akaizungusha dirishani kwenye mwanga. "Hii ni ya zamani sana. Mwalimu, fuma mistari miwili nikuone. Nimeona lesi nyingi, lakini sijawahi kuuona mkono ukifanya hivi."

Mama aliutazama uzi. Akalitazama dirisha. Jua lilikuwa limegusa kilima.

"Mama, Sabato imeingia," alisema kwa upole. "Kazi ya mikono tumeiweka chini."

"Lo, nisamehe! Mimi ndiye wa kukumbushwa?" Bi. Damari alicheka, akajipiga kofi dogo mdomoni. "Basi Jumapili asubuhi utanionyesha kabla sijaondoka. Au niuzie kabisa." Akajishika tena. "Ona, nataja biashara. Leo nimepotoka."

Niliuona uso wa mama ukifanya hesabu yake. Jumapili ingefika. Kulabu ingewekwa mkononi mwake mchana peupe. Lakini mtu asiye na kulabu haombwi kufuma.

"Kuuza siwezi, lakini kukupa zawadi si dhambi," mama alisema. "Chukua mkebe wote. Na lesi ya meza pia. Umependezwa nayo kuliko mimi."

Bi. Damari alitokwa na machozi. Alimkumbatia, akasema hajawahi kukutana na mwanamke mwenye roho kama hiyo. Kisha tukapiga magoti, sote watatu, tukaifungua Sabato kwa maombi. Mama aliishika amri ya nne kwa uaminifu mkubwa ili apate mahali pa kusimama akivunja ya nane na ya tisa. Na mimi, ambaye ndiye niliyekuwa na ujumbe mdomoni, nilifurahi. Ogeto alikuwa anaondoka kwetu. Angekwenda kulala Nyanchwa, awatishe watoto wa huko.

Ng'ina Ogeto hakuja Jumamosi. Aliiheshimu Sabato yetu kama yake, kwa kuwa ilikuwa yake pia. Alikuja Jumapili, baada ya gari la mgeni kuondoka, wakati mama akikunja mashuka. Alisimama nje ya mlango, akasalimu.

"Bwakire, Mwalimu. Nimefuata mkebe wangu."

Mama hakugeuka. "Mbona nilimtuma Moraa jana jioni akurudishie? Moraa! Mkebe wa Ng'ina Ogeto uliupeleka wapi?"

Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, na umri huo unatosha kuelewa. Nilimtazama mama. Safari hii macho yake hayakupita juu yangu, yalinishika, yakanisubiri.

"Uliangukia mtoni," nikasema.

"Ati nini?" Mama alivuta fimbo iliyokuwa juu ya mlango. Alitaka kunichapa, na naamini alitaka kwa dhati, kwa sababu mtoto akichapwa na kulia, uongo hupata shahidi. Aliinua mkono. Ng'ina Ogeto akaingia ndani bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaushika mkono ule kwenye kiwiko.

"Mwalimu, usimpige mtoto kwa kitu changu."

"Niache nimfunze!"

"Kama kimepotea, kimepotea changu. Yeye hana deni." Hakuuachia mkono mpaka fimbo iliposhuka. Kisha akachuchumaa mbele yangu. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai. "Uliangukia wapi, mwanangu?"

"Pale kwenye gogo."

Pale kwenye gogo maji yalinifika kifundo cha mguu. Mkebe wa bati ungekaa juu ya mchanga uking'aa, na kuku angeweza kuufikia. Alinitazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akasimama.

"Haya. Mto umechukua," alisema, na akaondoka.

Siku iliyofuata nilijificha penye matete nimwone akitafuta. Hakuja. Hakuja siku ya pili wala ya tatu, wala hakumtuma mtu. Alipita juu ya gogo lile kila asubuhi akienda kuchuma, na hakuinamisha macho hata mara moja. Ndipo nilipofahamu kwamba alijua, na kwamba alikuwa amejua tangu nilipofungua kinywa.

Baada ya majuma kadhaa aliniita nilipokuwa nikipita. Fundi mmoja wa baiskeli pale sokoni Kebirigo alikuwa amemchongea kulabu kwa spoki ya gurudumu, akaikunja ncha na kuisugua kwa tupa. Mpini ulikuwa umevishwa kitambaa kwa sababu chuma kilimuumiza kidole.

"Kaa nikufundishe," alisema. "Vidole vyako si vya mama yako. Vyako vinasikia."

Nilikaa. Nilifuma mnyororo wa kwanza, ukajikunja, akaufumua. Nilipoanza mnyororo wa pili nikamwuliza kile kilichokuwa kikininyima usingizi: kama Ogeto ataudhika kwamba ubavu wake umepotea.

"Ubavu?"

Nilimweleza habari za Kemunto. Nilidhani atanifukuza. Alicheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati, akakaa akiutazama mgongo wa mkono wake.

"Mfupa ule ulitoka Ulaya, mwanangu. Ni wa mnyama wa huko. Ogeto alikuwa anaota meno. Nikiwa nafuma alikuwa ananinyang'anya ile kulabu, anaing'ata. Meno mawili ya juu na moja la chini. Alama zikabaki." Akaishika kulabu ya spoki, akakiweka kidole gumba mahali ambapo palikuwa laini, hapana kitu. "Kidole changu kilikuwa kinakaa hapo. Nikifuma, kinakaa hapo."

Hakulia. Aliurudisha uzi kwenye kulabu, akaendelea.

Ndipo nilipotaka kusema. Nilianza: "Ng'ina Ogeto, ule mkebe haukuangukia..." Aliniwekea kiganja mdomoni. Kilinuka majani chai na wanga.

"Usiniambie neno ambalo jioni litakuzuia kula chakula cha mama yako. Fuma."

Alinifundisha kila kitu alichokijua, isipokuwa kimoja. Majani mawili na chipukizi hakuyafuma tena. Mama alimpelekea uzi mara nyingine, naye aliupokea, akarudisha vitambaa safi, vyenye ukingo wa kawaida ambao mtu yeyote angeweza kuufuma. Mama alilalamika kwamba macho ya mjane yamezeeka. Miaka michache baadaye alirudi kwao, upande wa Magwagwa, akafia huko. Mimi nilikuwa chuoni. Niliambiwa baada ya mazishi, na sikwenda hata kuliona kaburi. Ningeweza kwenda.

Haya yote yalinijia nikiwa nimeshika nguzo ya baraza. Jumapili iliyofuata nilipanda hadi Kebirigo. Mama sasa ni mzee sana, miguu imevimba, akili haina kasoro. Nilimkuta amevaa kofia ndani ya nyumba. Linet alikuwa amempigia simu naye.

"Umekuja kuchukua maneno yangu ya shukrani?" aliniuliza. "Nimeyaandika. Kalete miwani."

"Mama, Ng'ina Ogeto aliitwa nani?"

"Aliitwa Ng'ina Ogeto."

"Jina lake mwenyewe."

"Huyo alikuwa na jina lingine? Mimi sikulijua."

"Lesi iliyoko Nyanchwa ni yake."

Alikitazama kipande cha karatasi mkononi mwake. "Uzi nilinunua mimi. Makochi yalikuwa yangu. Nyumba ilikuwa yangu, na mgeni alikuwa wangu. Sasa niambie, wewe uliyesoma sana, kitambaa kilikuwa cha nani?"

"Na mkebe?"

Aliikunja ile karatasi, nami nikadhani hatimaye tumefika. Kisha akaniinulia macho yale yale ya Jumapili ile.

"Mkebe wewe ndiye uliyesema uliangukia mtoni."

Sijui kama amejizoesha mpaka ameamini. Nilimwambia kwamba nitakwenda Nyanchwa, lakini si kupokea heshima. Nitakwenda kuomba kadi ibadilishwe. Aligeukia ukuta. "Utanizika kabla ya siku yangu," alisema. "Funga mlango ukitoka."

Nilishuka hadi kanisani. Karani wa sasa ni binti mdogo mwenye adabu. Alifungua kabati la zamani, akanipa daftari la washiriki lililoliwa na mende pembeni. Niligeuza kurasa za mwaka mmoja baada ya mwingine. Nililipata jina katikati ya ukurasa, na mbele yake maelezo: mjane, ng'ambo ya kijito, mtoto mmoja, Ogeto, marehemu. Wino ulikuwa umefifia lakini herufi zilikuwa nzima, za mviringo, zenye mikia iliyokunjwa kwa uangalifu. Hati ya mama. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, miaka miwili kabla ya Bi. Damari kuja kwetu.

Nyanchwa nilikuta viti vimepangwa uani na watu wakizunguka masanduku ya vioo wakiwa na vikombe vya chai. Linet alinipokea kwa kunikumbatia, akanishika mkono hadi kwenye sanduku.

"Watu wote wanamwulizia huyu njiwa," alisema.

"Si njiwa. Ni majani mawili na chipukizi. Umewahi kuchuma majani chai?"

Aliinama, akatazama. Mtu akishaambiwa haoni tena kitu kingine. Nilimwomba afungue kioo. Alisita, kisha akafungua. Niliichukua kulabu ya mfupa.

"Na hizi alama, watu wako wanasema ni nini?"

"Mapambo ya kuchongwa. Mmoja alisema ni kasoro."

Nilimweleza kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida, na walio karibu wakasogea kusikiliza. Nilipofika kwenye meno ya mtoto, Linet aliirudisha mikono yake nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Dada, unataka nimfute mama yako mzazi? Mbele ya watu hawa?"

"Ndiyo."

"Yeye anajua?"

"Anajua. Amegeukia ukuta."

Linet aligeuka. Alikwenda mezani, akarudi na kadi tupu na kalamu, akaviweka juu ya kioo bila kunitazama. "Andika wewe. Mimi sitatia mkono wangu hapo. Mama yangu alilia kwa furaha siku ile."

Nilikiweka kidole gumba kwenye mpini wa kulabu. Vidimbwi viwili vilikipokea, na cha tatu kikaugusa ubavu wa kidole. Vilikuwa vidogo mno. Kisha nikaishika kalamu. Hati yangu ni ya mviringo, yenye mikia iliyokunjwa. Walimu wote walinisifu kwa hiyo, na ninajua nilikoitoa. Niliandika kwa hati hiyo hiyo, polepole, kwanza jina la mtoto aliyeziacha alama, halafu jina la mwanamke aliyeifuma lesi, aliyeizuia fimbo isinifikie, aliyeniwekea kiganja mdomoni ili niweze kula jioni ile: Yunuke Bochaberi.